Tundu la Bomba la Jiko

Vita vilipovuka kijiji chake karibu na Kursk, vilimwachia Ustinya Karpovna zawadi mbili katika shamba lake la viazi: kifaru cha Mjerumani na kifaru chetu sisi Warusi, vimetazamana pua kwa pua kama wake wenza walionuniana. Nyumba yake viliichukua, lakini nani hupewa vyote?

Majirani walijichimbia mahandaki ya kuishi. La Ustinya lilijaa maji ya mvua, na theluji ilikuwa njiani. Basi mjane huyo akaanza kukagua vifaru kama mtu atafutaye chumba cha kupanga.

Cha Mjerumani kilikuwa na nafasi, hata viti vyenye migongo. Chetu ulikaa umejikunja kama paka kapuni. Shida ilikuwa bomba la jiko, la kutolea moshi. Cha Mjerumani kilitobolewa ubavuni na mzinga wetu mdogo, ule ambao askari wenyewe waliuita "Kwaheri Nchi Yangu", maana aliyepewa kuupiga hakuaga mara mbili. Tundu lake lilipitisha vidole tu. Chetu kilitobolewa na mzinga mrefu wa Mjerumani, na bomba la Ustinya likaingia humo kama limepimwa na fundi.

Akahamia chetu. Kisimani wakamuuliza sababu, akasema kweli, kosa kubwa.

"Kifaru chao kipana, mzinga wetu mdogo. Mzinga wao mkubwa, kifaru chetu chembamba. Wangeshauriana kwanza, ningepata nyumba."

Kesho yake akafika mwenyekiti wa shamba la ushirika, Yevsei Lukich, shujaa aliyepigana vita vyote kwa mdomo.

"Mama Ustinya, unasifu silaha za adui?"

"Nimesifu tundu, ndugu Mwenyekiti."

"Tundu la adui! Tena unakaanga vitunguu ndani ya kifaru cha mashujaa. Hamia cha Mjerumani, leo hii."

"Na moshi?"

"Mhunzi atalipanua tundu letu."

Ustinya akageukia uzio wake. Vijana wa mzinga wetu ule mdogo walikula viazi vyake jioni ya kuamkia mapigano. Walikingoja kifaru cha Mjerumani hadi wakaweza kuhesabu pingili za minyororo yake, ndipo wakapiga. Sasa walikuwa wamelala makaburini nyuma ya uzio huo, wote.

"Lile halipanuliwi," akasema. "Ni la wale vijana. Afadhali nifukizwe."

Akahama. Theluji ikaanguka, na mwenyekiti akaja kuhakikisha. Akaketi kwenye kiti chenye mgongo, akakisifu, kisha akashtuka kwamba amekisifu. Ustinya akawasha jiko, bomba akalitoa kwa mlango wa juu. Theluji ikaingia. Moshi ukakataa katakata kutoka.

"Chai hiyo, mwanangu, usione haya."

"Mama... mlango uko wapi?"

"Palepale ulipoingilia. Ila sasa siuoni mlango wala simwoni mwenyekiti."

Yevsei Lukich alichomoza mweusi kama chungu, machozi yakimtoka, mbele ya kijiji kizima. Akafikiri haraka, kama wafikirivyo wenyeviti.

"Ndugu zangu! Nimethibitisha kwa macho yangu haya. Kifaru cha adui hakiwezi hata kuchemsha birika. Chetu kinaweza! Mama Ustinya, rudi chetu, ukaoneshe ubora wake."

"Kwa heshima ya jeshi," akasema Ustinya. Kabla jua halijazama moshi ulikuwa ukipanda vizuri, ukitokea kwenye tundu la Mjerumani.

Kile kingine akawapa kuku. Walitaga kwenye kiti chenye mgongo, chini ya tundu la wale vijana, wala hawakusifu silaha ya upande wowote.