Paa la Damu ya Mzee

Wageni wakiingia sebuleni kwetu hapa Nzuguni huketi, hupokea maji, kisha huitazama picha iliyo juu ya kabati na kuuliza, "Mama, hii ni picha ya nini?" Kuuliza si ujinga, najua, lakini nimelijibu swali hilo tangu nikiwa binti na sasa nina wajukuu. Zamani nilikuwa naeleza. Nilisema si picha ya kitu, ni rangi zenyewe zinavyokaa pamoja, kama wimbo usio na maneno ambao bado unaweza kukuliza. Wageni walitikisa vichwa kwa adabu, kisha wakauliza kama siwezi kuongeza hata twiga mmoja pale pembeni. Siku hizi nasema, "Ni shamba." Wanafurahi, wanasema kweli bwana, shamba linaonekana, na tunaendelea na chai.

Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na miaka yote hiyo nilichora asubuhi kabla ya kwenda kazini. Si kwa sababu asubuhi ni nzuri. Ni kwa sababu ya upepo. Ikifika Julai, upepo wa mchana hapa Dodoma hubeba vumbi jekundu na kulipitisha hata kwenye tundu la ufunguo, na rangi ya mafuta ikiwa mbichi hulipokea vumbi hilo vizuri kuliko zulia. Kwa hiyo nilikuwa najifungia chumba cha nyuma, naziba chini ya mlango kwa kitambaa kilicholowa, nafanya kazi mpaka saa ya kwenda shule, au siku za likizo mpaka vioo vianze kutetemeka. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia, hata mume wangu, maana kila anayefungua mlango anaingia na vumbi lake.

Dirisha la chumba hicho linatazama magharibi. Asubuhi jua halilifikii, unaingia mwanga wa anga tu, mtulivu, usiopendelea rangi yoyote. Tulipokuwa tunajenga, mume wangu alitaka dirisha liwe upande wa barabara ili tuwaone wapita njia. Niligoma. Tuligombania dirisha lile kuliko tulivyowahi kugombania kitu kingine chochote katika ndoa yetu, na nikashinda.

Rangi nilizipenda kabla sijajua kuwa zinauzwa. Mama yangu, kule Ihumwa, alikuwa akikandika upya kuta za tembe letu kila mvua zikikatika. Udongo wa kijivu aliuchota karibu na lambo, mweupe korongoni, na mwekundu kando ya reli. Nilikuwa nakaa chini kutazama ukuta ukikauka. Ukiwa umelowa, wekundu ule ulikuwa mzito kama ini, ukaniingia mwilini. Ukikauka ulififia, ukawa rangi ya kila ukuta wa kila nyumba. Nililia, nikamwomba mama aumwagie maji tena. Alinicheka siku nzima na jioni akawasimulia majirani.

Kiswahili chetu kina tabia ya kuazima majina ya rangi kwenye vitu. Tuna rangi ya majivu, ya chungwa, ya maziwa, ya kahawa, na ule wekundu wa giza tunaouita damu ya mzee. Wekundu wa ukuta wa mama uliolowa sikuwahi kuupatia jina. Nilichokifanya ni kuutafuta. Kila picha yangu, hata zile za buluu tupu, kuna mahali niliujaribu, nikaukosa, nikaufunika kwa rangi nyingine.

Mji ulipoanza kujaa watumishi wa serikali, kiwanja kilicho magharibi yetu, kwenye mteremko, nacho kikapata mwenyewe. Miaka yote kilikuwa cha magugu na mbuzi wa watu. Wenyewe ni mtumishi wa wizara na mkewe, watu wa Mbeya, waungwana kweli. Walipiga hodi kwetu kabla hata ya kuchimba msingi, wakaomba radhi mapema kwa kelele za mafundi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikawaambia, na nilimaanisha. Nyumba ikapanda haraka, na kwa kuwa iko bondeni, paa lake likaja kukaa usawa wa dirisha langu. Waliezeka kwa mabati ya damu ya mzee, yale yenye migongo kama vigae. Niliyasifu. Siku ya kuhamia nilikula pilau lao na kumwambia mama mwenye nyumba kwamba rangi hiyo amejua kuichagua.

Mwaka huo nilikuwa na picha kubwa. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ana ukumbi wa maonyesho mjini, alikuwa ameniomba kazi moja ya kutundika ukuta wa mbele. Nikajiambia kwamba hii ndiyo itakuwa ya ule wekundu, na nisipoupata safari hii sitaupata. Nikawamba kitambaa kwenye fremu ndefu kuliko mimi. Napaka, nasubiri, nakwangua kwa kisu, napaka tena. Mgongo uliniuma mpaka nikawa navaa viatu nikiwa nimelala. Lakini asubuhi moja niliupata. Nilisimama mbele ya picha, na ukuta wa mama ulikuwa pale, umelowa, na nikaona aibu jinsi moyo ulivyonienda mbio, mtu mzima na akili zangu.

Nikamwita mume wangu anisaidie kuitoa barazani ili nisikae karibu nayo na kuiharibu kwa kuigusagusa. Tukaiegemeza ukutani, nikaenda kuchukua chai. Niliporudi nilimkuta amesimama mbele yake, mikono nyuma.

"Mama," akasema taratibu, "leo umechora mlenda?"

Nikatazama. Ilikuwa mlenda kweli, tena mlenda uliolala. Kijani cha uchovu kimetambaa kwenye wekundu wote, na kile nilichokiona kama udongo uliolowa kilikuwa tope la bwawa. Tulicheka wote wawili kwa sababu hatukujua la kufanya. Tukairudisha chumbani, akaondoka, nikafunga mlango. Nilipogeuka, wekundu ulikuwa umerudi, mzuri, kama hakuna lililotokea.

Nilirudia kazi ile tena na tena. Chumbani naona wekundu, barazani naona mlenda. La kuvunda halina ubani, mwishowe nikakubali kwamba kilichovunda ni macho yangu. Mama yangu aliugua mtoto wa jicho mpaka akawa haoni kabisa, na alianza hivyo hivyo: akiwa ndani, khanga nyeupe aliiita nyekundu, mpaka atolewe nje ndipo aseme kweli. Nilikuwa nikimngojea mtoto huyo wa jicho tangu nilipovuka hamsini. Sasa amefika, nikasema.

Niliogopa, bila shaka. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine, nacho kilikuwa nafuu. Nilikuwa nimechoka. Nilichoka kuamka kabla ya jogoo, kukwangua nilichopaka jana, kupandisha picha darini zikae na popo. Nilichoka na twiga wa wageni. Hata rangi zenyewe, ambazo ni kipenzi changu cha kwanza, zilikuwa zimeanza kunidai kama mtoto asiyekua. Lakini mtu huwezi kuamka siku moja ukaacha kitu ulichogombania dirisha kwa ajili yake. Utamwambia nani, na utasema nini? Mchoraji mwenye macho mabovu, huyo haulizwi.

Kwa hiyo niliosha brashi zangu zote na kumpigia mwanafunzi wangu kwamba macho yamenisaliti. Alisikitika sana. Kina mama wa kanisani walikuja na mayai na maombi. Dada yangu alipiga simu kutoka Kondoa, akalia yeye kuliko mimi. Nikaanza kulala mpaka jua litoke, kunywa chai ikiwa bado ya moto, kukaa barazani na kuwaona wapita njia. Nilinenepa hata.

Mume wangu, mstaafu wa reli, ni mtu ambaye kitu kikiharibika hatulii mpaka kitengenezwe. Alinipeleka hospitali. Daktari wa macho alikuwa binti mdogo, akaniamkia, akanitia matone, akanimulika, akanipa vijitabu vyenye nukta za rangi nivisome. Mwisho akavuta kiti karibu.

"Mama, hongera," akasema. "Hakuna mtoto wa jicho. Macho yako ni mazuri kuliko ya watu wengi wa umri wako. Nitakuandikia miwani ya kusomea tu."

Niliomba arudie kupima. Akarudia, kwa subira, na jibu likawa lile lile. Pale kwenye korido nililia kwa kwikwi mpaka watu wakageuka. Mume wangu alinipa leso yake, akamshukuru Mungu kwa sauti, akaanza kuwapigia watoto mmoja mmoja kuwaambia mama yao analia kwa furaha.

Haukupita muda, jirani yetu wa kike akaja asubuhi kunipa pole ya hospitali, akiwa na parachichi alizoletewa kutoka kwao. Alikuwa anaelekea mazoezi ya kwaya, amevaa kitambaa cheupe kichwani. Akasema hajawahi kuona ninapofanyia kazi. Kwa kuwa sikuwa nafanya kazi tena, sikuona sababu ya kumnyima. Nikamfungulia chumba cha nyuma, akaingia mpaka karibu na dirisha, na kitambaa chake kikawa cha waridi.

Nikamwomba atoke ukumbini. Kikawa cheupe. Nikamwomba arudi dirishani. Kikawa cha waridi. Alikuwa anatoka na kuingia bila kuuliza, maskini, maana alijua nimetoka kwa daktari wa macho na labda alidhani ugonjwa sasa umepanda kichwani. Ndipo nikatazama nje. Jua la asubuhi lilikuwa limeangukia paa lake lote, na paa lilikuwa linautupa wekundu wake moja kwa moja ndani ya chumba changu. Muda wote ule nilikuwa nachanganya rangi na jirani ananichangia. Mimi naweka nusu ya wekundu, bati linaweka nusu, najisifu tumepata. Mtu mwingine angeliona jambo hilo siku ya kwanza. Mimi, niliyekesha na rangi maisha yangu yote, nililiona paa nikalisifu, halafu nikaenda kuyalaumu macho.

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nilipomweleza, alishika mdomo.

"Jamani mama! Tumekuharibia kazi!"

"Hujaniharibia kitu, mwanangu. Bati lako zuri."

Lakini hawakunisikia. Jioni mumewe alikuja kuomba radhi, akaahidi kupanda miti mpakani, na akauliza kama paa likipakwa kijivu itasaidia. Mwanafunzi wangu naye akapiga simu akishangilia kwamba nafasi yangu ukutani bado ipo. Kila mtu alikuwa na dawa, na kila dawa ilikuwa ya kweli. Nilikaa katikati yao kama mtu anayefungiwa milango kwa upendo.

Kesho yake niliamshwa na vishindo. Mume wangu alikuwa ameuhamisha ufalme wake wote. Makochi ya sebuleni, ambayo huyafuta vumbi mwenyewe na hataki mtoto ayakalie na viatu, alikuwa ameyapanga barazani. Kabati lilikuwa chumbani kwetu, limeziba nusu ya mlango. Sebuleni aliisimamisha picha yangu mkabala na dirisha la kusini, na brashi zangu akazipanga juu ya stuli kuanzia kubwa mpaka ndogo. Alikuwa amelowesha kitambaa na kukitandika chini ya mlango.

"Huku hakuna paa la mtu," akasema huku anahema. "Wageni watakaa nje. Anza."

Mwanga ulikuwa safi kabisa. Nilikamua nyekundu kwenye kigae, nikachanganya na kahawia kidogo na tone la manjano, nikachovya brashi. Nikiutazama ule mlenda niliona wazi kilichopungua na kiasi chake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa nakisia. Ilikuwa ni kazi ya asubuhi chache. Nikasimama na brashi, na mkono haukunyanyuka. Haukuwa unauma. Haukutaka tu.

"Nimechoka," nikasema.

Akanitazama vizuri. "Umechoka leo, au umechoka?"

"Nimechoka."

Alitafuta pa kukaa, hapakuwepo, akaketi juu ya ndoo. Nilidhani atanikumbusha hospitali, na majirani, na makochi yake yaliyokuwa yanakula vumbi nje. Badala yake alifuta jasho la shingoni.

"Basi si ungesema tu, mama," akasema mwishowe. "Ulidhani mpaka uwe kipofu?"

Akanyanyuka, akanitoa brashi mkononi polepole, ikiwa bado imejaa ule wekundu, akatoka nayo uani. Nilisikia bomba likifunguliwa. Rangi ya mafuta haitoki kwa maji. Brashi ikioshwa hivyo hukakamaa na haifai tena kwa lolote. Nilimsikia akiisugua kwa bidii, na sikumwambia.