Nesi Hayupo

Mimi ni nesi wa leba hapa Kibaha, na sioni aibu kusema kwamba kazi hii nusura inizike. Zamani nilikuwa mtu wa mizaha. Akina mama walicheka hata katikati ya uchungu.

Kisha wenzetu wakahamishwa, mmoja baada ya mwingine, na hakuletwa mtu. Shifti zikaungana. Moyo ukawa unanidunda hata nikiwa nimekaa, nywele zikanyonyoka, hedhi ikakata. Nikafanya tunavyofanya wengi wetu: najitundikia dripu kwenye chumba cha dawa, ikiisha naibana kwa plasta kanula, kile kibomba cha mshipani, nashusha mkono wa sweta, narudi kuzalisha. Na tulikuwa tukisifiana kwa hilo! Nikikumbuka napata hasira.

Asubuhi moja mama mmoja akaniuliza, "Nesi, nimepata mtoto gani?" Mtoto nilikuwa nimemshika mimi, analia. Nikamtazama, nisijue hata ninachokitazama. Nikampa mwenzangu, nikakaa sakafuni, machozi yakanitoka.

Daktari alinipima kila kitu. Akasema, "Dada, malaria huna. Umechoka mpaka umeugua. Nakuandikia mapumziko, dawa sina."

Mkuu wa wodi aliposikia akang'aka, "Sasa nani atazalisha?"

"Sijui," nikamjibu. "Ila si mimi."

Nikaenda kwa mama, Kurui, huko Kisarawe. Kesho yake tu ua ukajaa: mwenye jipu, mwenye presha, mwenye mguu uliovimba. "Tumesikia nesi kaja." Nikaanza kuinuka. Mama akanishika bega, akawatokea mlangoni.

"Nesi hayupo," akasema. "Aliyekuja ni mwanangu, na anaumwa. Zahanati iko wazi, nendeni."

Wengine walinuna. Mimi nililia kwa kwikwi, kisha nikalala. Nikawa nalala, nakula mihogo, napalilia na mama, mpaka siku moja nikajikuta nacheka. Mkuu wa wodi alipopiga simu kunitishia uhamisho, nilimwambia, "Nihamishe. Nitakwenda nikipona."

Hakunihamisha. Nimerudi leba, mzima. Shifti yangu ikiisha nakabidhi, naondoka. Wanasema najidai. Waseme.

Namshukuru Mungu, daktari yule, na mama yangu zaidi. Nanyi wenzangu, mkiugua, kaeni kwenye benchi la wagonjwa, mwambieni daktari ukweli. Na mkinisikia nasema nimechoka, msinionee huruma. Nipisheni nikalale.