Mapacha wa Mama Jokébed, mashine zilizokataliwa na dunia

Saa nane mchana, Jumapili, watu wa mtaa wa Mususa wameshatoka kanisani na kula, na nyumba ya mabati ya Mama Jokébed imejaa hadi mlangoni. Ajabu ni kwamba hakuna anayecheza. Televisheni imezimwa. Juu ya meza zimelala mashine mbili nyeupe zilizofunguliwa vifuniko, na fundi redio Mbusa ameziinamia, bisibisi mkononi, skrubu midomoni.

"Hapana kusukumana! Meza ikitikisika, kitu ikavunjika, mi sitajibu," anasema bila kuinua kichwa.

Mama Jokébed mwenyewe, mwanamke wa miaka arobaini na moja mwenye kicheko cha kusikika barabarani, amewapa mgongo. Anamenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba kumenya. "Mi siwezi angalia operesheni ya batoto yangu," anasema. Watu wanacheka, naye anacheka, lakini hageuki.

Mashine hizo zinaitwa Dreamcast. Ni za kuchezea michezo kwenye televisheni, zilibuniwa na Wajapani, na sokoni hazikufua dafu. Mwaka jana, 2001, kampuni yake iliacha kuzitengeneza. Kwingine duniani zimekwisha kuwa habari ya zamani. Hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, zimekuwa habari ya mjini.

Ziliingia kwa Mama Jokébed siku moja, kutoka kasha moja. Wanande, kabila la huku, humpa mtoto jina kufuatana na zamu yake ya kuzaliwa, na mapacha wana majina yao. Basi iliyotolewa kwanza kwenye kasha akaiita Nguru, ya pili Ndobya. Ukiingia pale ukasema "ile mashini", utaulizwa ni ipi, maana watoto wana majina.

Na ujio wao ulitokana na kosa katika agizo la kwaya.

Mwaka jana kwaya ya kanisa lake ilichanga pesa, ikampa mfanyabiashara Siméon, ambaye huenda Dubai kununua vitenge, awaletee mashine mbili za kupigia CD za nyimbo. Siméon ni mjanja wa vitenge, si wa mashine. Dukani alionyeshwa kitu cheupe chenye kifuniko cha mviringo, muuzaji akatumbukiza CD, wimbo ukalia. Bei ilikuwa nusu ya alichotarajia. Hakuuliza kwa nini.

Kanisani kasha likafunguliwa mbele ya kwaya nzima. Mashine hazina spika. Bila televisheni ni bubu. Mwalimu wa kwaya, Muyisa, alishika kichwa: "Tulimutuma vya kusikia, ametuletea vya kuangalia!"

Kwaya ilitaka kuzirudisha. Mama Jokébed, mwimbaji wa sauti ya kwanza, akasema ngojeni kidogo. Alizipeleka nyumbani kwa jirani mwenye televisheni, akaweka sahani, CD ya mchezo wa mbio za magari iliyokuja ndani ya kasha.

"Nilifinya bouton moja, gari ikakimbia," anakumbuka, akionyesha kwa kidole gumba jinsi alivyobonyeza kitufe. "Mi mwenye sijaendeshaka ata baisikeli! Nilipiga kelele, jirani akadhani nyoka imeniuma."

Kesho yake aliipa kwaya redio kaseti yake pamoja na mbuzi mmoja, akabaki na mapacha. Watu walisema amerogwa. Miezi miwili baadaye, hao hao waliosema walikuwa kwenye foleni nyumbani kwake, pesa mkononi, wakisubiri zamu ya kucheza.

Juu ya kifuniko cha kila mashine kuna alama ya mstari unaojizungusha, kwa hiyo nyumba ile ikaitwa Kwa Konokono. Mashine moja inachukua wachezaji wanne kwa wakati mmoja, na hapo ndipo penye utamu: Mkatoliki na Mprotestanti, muuza duka na mbeba mizigo, wote benchi moja, bega kwa bega. Siku nzuri, gharama ya mafuta ya jenereta ikishatolewa, mama huyo alibaki na dola moja na nusu. Pesa hiyo iliwaweka watoto wake watatu shuleni.

Bingwa wa magari ni Marie-Jeanne, muuza maharage, mwanamke mpole sokoni na simba mbele ya skrini. Mteja anayefungwa naye kila mara ni Gérard, dereva wa lori la kweli, anayekula kona za barabara ya Kirumba kila wiki.

"Barabarani miaka kumi na mbili sijaanguka," analalamika Gérard. "Hapa mama wa maharage ananitupa mu mutaro kila siku!"

"Njo ujue kama maharage iko na nguvu," Marie-Jeanne anamjibu.

Mapigano yalikuwa karibu na kila mtu katika miezi hiyo, na Mama Jokébed hafichi kwamba aliogopa. "Inje habari ilikuwa ya vita tu: nani amekufa, nani amekimbia. Mule ndani habari ilikuwa nani amegonga nani. Batu balikuwa na haja ya kucheka, na mi pia."

Mdogo wake, Manassé, alipohamia mji wa Beni kutafuta maisha, dada alimkabidhi Ndobya akaanzishe benchi lake huko. Wiki chache tu baadaye, barabara ikafungwa na mapigano. Kilomita hamsini na kitu zikawa mbali kuliko Dubai. Huko Beni umeme wa jenereta ukaunguza tumbo la Ndobya, ile sehemu inayopokea umeme, asiwake tena. Huku Butembo jicho la Nguru, kile kioo kidogo kinachosoma sahani, likafifia hadi likapofuka. Miji miwili ikanyamaza.

Siméon alitafuta vipuri Dubai. Muuzaji alimcheka, akamwambia kitu hicho ni maiti, hakuna anayetengeneza vipuri vya maiti. Siméon alipoleta habari hiyo, Mama Jokébed hakucheka.

"Maiti tunazijua, papa," alimwambia. "Tumezika za kutosha. Hii hapana maiti."

Mwezi uliopita barabara ikafunguka. Manassé akafika juu ya lori la Gérard, katikati ya mbao, akiwa amempakata Ndobya, amemfunga kwa sweta. Dada na ndugu walikumbatiana wakalia. Kisha wakagombana.

Mbusa alikuwa amewaeleza wazi: Ndobya ana jicho zima, Nguru ana tumbo zima, kwa hiyo ni mashine moja tu itakayotoka. Na jicho likivunjika wakati wa kulihamisha, hakuna jingine popote. Itakuwa kwaheri kwa zote mbili.

"Yaya, juu ya nini ni Ndobya atolewe jicho?" Manassé alimuuliza dada yake mkubwa. "Nguru atoe tumbo yake!"

"Nguru njo mukubwa!"

"Kwa dakika ngapi, yaya?"

Siku tatu hawakusemezana ila kupitia kwa watoto. Siku ya nne Mama Jokébed alimwita mdogo wake mezani, akaweka chai, akamwambia hakuna atakayechinjwa. Sehemu ya chini itatoka kwa Nguru, kifuniko na jicho vitatoka kwa Ndobya. Si huyu wala si yule. Na kwa Wanande, mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ana jina lake: Kitsa.

Manassé alikunywa chai yake yote, kisha akasema, "Basi Kitsa atahitaji chumba Beni pia."

Ndiyo maana leo nyumba imejaa. Mbusa anakaza skrubu ya mwisho na kupangusa jasho. "Mama, geuka," anasema. "Njo wewe utafinya."

Mama Jokébed anajipangusa mikono kwenye kitenge, anakuja, anafinya. Mashine inalia piii. Konokono anajichora kwenye skrini, na chumba kizima kinapumua.

Halafu mashine inauliza tarehe. Betri ya saa yake ilikufa zamani, na kila ikiamka inadhani ni Novemba 1998, mwaka ambao vita hii ilianza.

"Bado anatupeleka kule," Mama Jokébed anasema huku akisogeza miaka mbele mmoja mmoja. "Hapana, mutoto. Kule tulishapitaka." Anaweka tarehe ya leo, Agosti 2002. "Umezaliwa leo."

Imebaki kujua kama jicho linaona. Marie-Jeanne ameshika sahani ya magari tayari, lakini mwalimu Muyisa anatoa CD mfukoni: nyimbo za kwaya. "Alinunuliwa juu ya hii," anasema. "Aanze na hii."

Kifuniko kinafungwa. Ndani kitu kinazunguka, kinasimama, kinazunguka tena. Mbusa amefumba macho. Kisha sauti za kwaya zinatoka kwenye televisheni, safi, na Mama Jokébed anaidaka sauti ya kwanza kabla ya ubeti wa pili. Wanakwaya waliomo wanamfuata. Wakatoliki nao, wasiojua maneno, wanapiga makofi. Fundi Mbusa anakaa chini sakafuni na kucheka peke yake.

"Kumbe anaimbaka!" Muyisa anapaza sauti. "Siméon, nimekusamehe!"

"Sasa magari!" anadai Marie-Jeanne, na Gérard anajitia kutafuta mlango.

Mpango umekwisha kupangwa. Kitsa atakaa mwezi mmoja Butembo, mwezi mmoja Beni, na Jumamosi ijayo atasafiri kwa mara ya kwanza, kwa lori la Gérard, kwenda kufungua mashindano ya miji miwili. Manassé ameomba ampakate yeye njiani. Dada amekataa. Hajaipita barabara hiyo tangu mapigano yaifunge, na anasema safari hii hakai nyumbani.

"Mapacha vita ilibatenganisha," anasema, akiipangusa mashine kwa ncha ya kitenge. "Huyu ye atatembea. Na mi mama yake nitatembea naye."