Mguu Uliooshwa

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuupikia ukungu chakula. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na kwa karibu mwaka mzima nilikaa nyumbani kwetu Temeke nikimpigia baba vinyago msasa. Jirani yetu mmoja, mlinzi wa hospitali, akaniambia kuna daktari anatafuta mtu wa kuosha vyombo vya maabara. Nilipofika, daktari aliniuliza kama najua kuandika. Nikasema najua, ila taratibu. Akanipa kalamu niandike namba kwenye kisahani cha kioo, akasimama kando akisubiri. Hakuniharakisha. Nilipomaliza akasema nianze siku hiyohiyo.

Daktari yule hakutibu watu. Alikuwa mtafiti wa fangasi, ile jamii ya ukungu inayoishi katika miili ya watu na kuila. Alitoka bara, akasoma ng'ambo, akarudi mara baada ya Uhuru na darubini moja na sanduku la vitabu. Miaka ya mwanzo alifanyia kazi katika stoo ya magodoro. Alizunguka vijijini na kisanduku chake cha mbao, akikwangua vichwa vya watoto wenye mapunye na kucha za wanawake walioshinda kwenye majaruba ya mpunga, na kila alichokwangua alikiotesha, akakichora, akakiandika. Madaftari yake yalijaa rafu nzima. Wakubwa walimwambia mara nyingi kwamba nchi ina malaria na kipindupindu, ya ukungu yatasubiri. Alinisimulia hayo bila hasira, kama mtu anayesimulia mvua iliyonyesha zamani.

Chakula chenyewe kilikuwa mchuzi wa viazi mviringo, sukari, na unga wa mwani wa kuugandisha. Ulikuwa wakati wa foleni za sukari. Jirani yetu mlinzi alikuwa akichungulia dirishani na kusema, "Nchi nzima tunakunywa chai ya tangawizi tupu, nyie mnaunywesha ukungu uji." Daktari alicheka. Mimi sikucheka, maana sukari ile niliipima mwenyewe kila Jumatatu na kila mara mate yalinijaa mdomoni.

Kilichomshughulisha zaidi kilikuwa miguu. Mkulima anachomwa na mwiba shambani, anausahau. Baada ya mwaka au miwili unyayo unavimba bila maumivu makubwa, unatoboka matundu, na kwenye matundu zinatoka chembe ndogo kama chenga za chumvi. Chembe nyeusi, alinieleza, mara nyingi hazina dawa ya maana, na mguu hukatwa. Ila chembe nyeupe huwa na uwezekano wa namna mbili. Huenda ni fangasi wa kweli. Huenda pia ni bakteria wanaoota kama fangasi, na hao hufa kwa vidonge na sindano mgonjwa akivumilia miezi mingi. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Ni lazima upate chembe, uipasue chini ya darubini, uioteshe, usubiri.

"Hawa wana haya kama wewe," aliniambia siku moja akiwa ameinamia kisahani. "Ukiwaharakisha hawatoki."

Baba yangu alikuwa na mguu wa namna hiyo.

Nilijua tangu wiki ya pili kazini, nilipoona picha katika daftari moja. Ilikuwa kama mtu amemchora baba kuanzia kifundo kwenda chini. Alikuwa amechomwa mwiba kwenye mikorosho huko kwetu kusini, kabla hatujahamia mjini. Baba alichonga mpingo akiwa amekaa chini, gogo limebanwa kati ya nyayo zake mbili, tezo mkononi. Hakuwa na jiliwa la kubania gogo wala meza. Miguu yake ndiyo iliyoshika kazi. Mwaka ule mguu wa kushoto ulianza kuteleza, akawa anaufunga kitambaa ili ushike.

Ilinichukua muda kumwambia daktari. Siku niliyomwambia aliweka kalamu chini, akaniuliza chembe ni za rangi gani. Nikasema nyeupe. Uso wake ukachangamka. Akanipa maagizo na kunitaka niyarudie, nikayarudia. Baba asiuoshe mguu kwa siku mbili. Asiupake kitu. Aufunge bendeji kavu aliyonipa, chembe zitatoka zenyewe na kunasa pale. Siku ya tatu aje.

Nilirudi nyumbani mchana ule na bendeji mfukoni. Baba alikuwa amekaa kizingitini akingoja alasiri. Baada ya shikamoo aliniambia nimletee birika, kama alivyoniambia kila siku tangu nikiwa mdogo, maana kumwagia baba maji ya udhu ilikuwa kazi yangu. Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno yote kichwani, kwa mpangilio wake. Lakini ningemwambiaje baba yangu asitawadhe? Ningemwambiaje aende kwa msomi na mguu unaonuka? Mimi niliyekuwa sijawahi kumpinga hata kuhusu njia ya kwenda dukani.

Nikaleta birika, nikamwagia.

Akauosha mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kwa uangalifu, akipitisha kidole katika kila tundu. Chembe zilitoka. Niliziona zikienda na maji juu ya saruji, nyeupe, tatu, nne, kisha nyingi, mpaka kwenye mchanga. Nilizitambua kama mtu anavyotambua uso wa jirani.

Nilimwambia tu kwamba daktari atamwona siku ya tatu, na kwamba ampelekee mguu ukiwa na bendeji hii. Akafurahi. Kwa siku zile zote akauosha mara tano kwa siku, na asubuhi ya kwenda akaongeza maji moto yenye chumvi, akasema mtoto wake ana kazi ya heshima, hatamtia aibu kwa uvundo. Bendeji akaifunga njiani, tulipokaribia geti.

Daktari aliifungua polepole. Ilikuwa safi. Akauchunguza mguu kwa kioo cha kukuzia, akabinya hapa na pale, yakatoka majimaji tu. Baba alitazama ukuta. Daktari akanivuta pembeni, karibu na sinki.

"Ulimwambia asioshe?"

"Nilimwambia, daktari."

"Siku mbili kamili?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, akaniamini. Kwa kuwa aliniamini, alifikiri vibaya. Mguu usiooshwa siku mbili na usiotoa hata chembe moja, alisema, maana yake ugonjwa umejifungia ndani kwenye mfupa. Alichukua yale majimaji akayaotesha. Niliandika mwenyewe namba ya baba kwenye visahani, mkono ukiniuma kwa kuikaza kalamu. Vilivyoota ni vijidudu vya kawaida vya ngozi, vile ambavyo hata mimi na wewe tunavyo. Akamwita baba tena baada ya wiki mbili. Baba akaja tena akiwa ameuosha, na mimi nikajibu tena vilevile. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Daktari wa upasuaji hakutaka kungoja. Alisema mfupa unaharibika, na kitanda kikipatikana wiki hii hakitapatikana mwezi ujao. Mtafiti alimwomba muda, nikasikia kupitia mlango uliokuwa wazi. Yule mwingine akamwuliza ana ushahidi gani kwamba dawa itasaidia. Hakuwa nao. Mguu wa baba ukakatwa chini kidogo ya goti.

Kesho yake ililetwa maabara ndoo yenye kifuniko. Daktari aliniambia nitoke, nisione. Nilitoka mpaka kwenye korido, lakini sikwenda mbali. Niliposikia amemaliza nikaingia kupika chakula kama kawaida, viazi, sukari, mwani, na kukimimina katika visahani kumi. Humo alipanda chembe alizozipata ndani ya unyayo. Zilikuwa tele.

Tulisubiri zaidi ya mwezi. Siku moja daktari alikaa kwenye darubini muda mrefu kuliko kawaida. Alipoinuka hakunitazama.

"Si fangasi," alisema. "Ni wale wengine. Ni wa vidonge."

Nilimwambia ukweli palepale, nimesimama na brashi ya kuoshea chupa mkononi. Nilidhani atanifukuza. Alikwenda kwenye rafu, akashusha daftari la mwaka ule, akalifungua kwenye ukurasa wa baba na kunisogezea. Pale palikuwa na mwandiko wake: mguu haukuoshwa siku mbili, chembe hazikuonekana.

"Kuna mtu atakuja kulisoma hili nikiwa nimekufa," alisema. "Ataamini. Atawakatia watu miguu. Andika ilivyokuwa."

Niliandika. Mguu ulioshwa kila siku. Maji nilimwaga mimi. Mgonjwa hakuambiwa. Mistari hiyo mitatu ilinichukua sehemu kubwa ya asubuhi, na daktari hakuniharakisha, kama ile siku ya kwanza. Hakunifukuza. Lakini tangu siku hiyo maagizo ya wagonjwa aliyatoa mwenyewe.

Ikabaki kumwambia baba nyumbani. Nilingoja mpaka Ijumaa, aliporudi msikitini kwa magongo. Nilimweleza yote, kuanzia bendeji mfukoni. Alisikiliza huku akipapasa kisigino cha mguu uliobaki.

"Ulinyamaza kwa sababu ya udhu?"

"Ndiyo, baba."

"Mwanangu, ungeniambia tu. Ningepangusa tu juu ya bendeji. Au ningetayamamu kwa mchanga huu hapa." Akaugusa kwa vidole. "Mtu mgonjwa anaruhusiwa. Nilikufundisha mwenyewe, ulikuwa na miaka saba."

Ilikuwa kweli. Alinifundisha.

Jumamosi asubuhi aliniita uani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, gogo la mpingo limeegemea unyayo mmoja, na upande wa pili hapakuwa na kitu cha kulizuia. Akanionyesha nikae mbele yake na nilibane kwa mikono miwili. Nikakaa. Akainua tezo, akapiga mara moja, gogo likageuka mikononi mwangu na tezo ikapita karibu na kidole gumba.

"Shika," alisema baba. "Mguu wangu ulikuwa hautikisiki."