Dawa ya Hasira za Bhoke

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati ya misheni upande wa Nyanungu, Sista Msimamizi alinipa sufuria la sindano. Enzi hizo, ninyi manesi wa leo, sindano ilichemshwa ikatumika tena. Gauni langu lilikuwa na wanga hata kukaa siwezi, na nilijiona mtu kwelikweli!

Asubuhi hiyo akaingia Chacha, mkulima, na mkewe Bhoke.

“Sista, naomba dawa ya hasira. Huyu akikaribia kuingia mwezini, nyumba haikaliki. Nikikosa dawa namrudisha kwao, ng'ombe wangu wa mahari warudi.”

Bhoke alimkumbatia mtoto aliyembeba. Ng'ombe wakirudi, watoto hubaki kwa baba. Moyo uliniuma.

Sista akaeleza taratibu: kabla ya hedhi, wanawake wengine hukosa usingizi, machozi huwa karibu, mawazo huwa mazito, wengine hawasikii chochote. Si uchawi wala ukorofi. Kisha akamgeukia Bhoke. “Ukikasirika, mama, unasema nini?”

“Nasema paa linavuja, watoto wanalowa. Siku nyingine nasema hivyo hivyo polepole, hanisikii.”

“Bwana Chacha, linavuja?”

Chacha akageuzageuza kofia yake. “Linavuja, Sista.”

“Basi dawa ni nyasi. Kaezeke. Na siku zake zikikaribia, mpunguzie kazi.”

Nilicheka mpaka Sista akanikodolea macho. Mvua zilipokuja, Bhoke alileta mtoto kwa chanjo. Alisema paa halivuji tena, na bado miezi mingine hulia, lakini habari ya ng'ombe ilikwisha.

Baadaye nikahamishiwa Kisaka, chini ya Bwana Mganga, tabibu wa zahanati ya huko, mtu wa haraka. Siku moja nikamfokea mbele ya wagonjwa: sindano haijachemka!

“Kwani uko mwezini?” akauliza.

“Niko, Bwana. Na sindano haijachemka.”

Akairudisha sufuriani mwenyewe, na tangu hapo tulielewana vizuri mno.

Sasa nimestaafu, na hedhi ilistaafu kabla yangu. Nina amani, namshukuru Mungu. Ila juzi bati la jikoni lilivuja tena, nikamfokea mume wangu. Akaniangalia, akatafuta cha kusingizia, akakosa.

Akaenda kuchukua ngazi.