Jini Mwenye Lafudhi ya Mpapura

Nilipokuwa na miaka tisa, bahari ya Mikindani ilikuwa na saa zake za kazi, na mwenye kuzijua zote alikuwa bibi yangu, Bi Somoe, mama mzazi wa mama yangu. Kuanzia alfajiri mpaka jua linapokaribia utosi, bahari ilikuwa ya watu. Kuanzia hapo mpaka adhana ya alasiri ilikuwa ya wenyewe. Bibi hakupenda kuwataja hao wenyewe kwa kirefu, lakini tulijua kwamba kwenye mwamba ule wa nje ya mikoko aliishi jini mmoja mwenye mali na hasira, na saa hizo hutandika mkeka wake chini ya maji akala chakula cha mchana. Ukitupa mshipi wakati huo, ndoana inatua kwenye sahani yake. Hebu fikiria na wewe, unakula wali wako kwa utulivu, mtu anakutumbukizia chuma kwenye mchuzi. Utanyamaza?

Watoto wote wa mtaani kwetu tuliamini. Wavuvi nao waliamini, au walijifanya kuamini kwa sababu iliwapa ruhusa ya kulala. Ikifika saa tano walikuwa wameshavuta mitumbwi yao mchangani, wamejinyoosha penye kivuli. Mtu mzima aliyekuwa haamini nilimjua mmoja tu, naye alikuwa baba yangu.

Baba, Issa jina lake, hakuwa mtu wa bahari. Kwao ni Mpapura, watu wa mikorosho na mihogo. Alipomwoa mama akaja kuishi ukweni, kama desturi ya upande wetu inavyotaka, na ukweni hakuna mikorosho. Shambani kwao, mtu akitaka aonekane mchapakazi hukaa na jembe mpaka jua limkalie kichwani, majirani wapite waone. Basi baba akaichukua tabia hiyo nzima nzima akaipakia kwenye mtumbwi. Wenzake walipokuwa wanarudi, yeye ndio kwanza anasukuma kuingia, kichwa wazi, anawaangalia kwa huruma kana kwamba ni wavivu waliolikimbia palizi. Alasiri alirudi na tasi wawili na changu mmoja wa kuenea kiganjani. Samaki nao wana akili zao jamani, jua likiwa kali wanajificha chini kwenye mawe, lakini nani angemwambia mkulima kwamba zao limelala?

Bibi alijaribu kumwambia, na hapo ndipo mimi nilipopatia kazi. Mkwe na mkwe hawazungumzi ana kwa ana. Bibi akipita uani, baba anainamisha kichwa na kujibanza pembeni. Baba akitokea, bibi anajifunika uso kwa kanga. Hawali pamoja, hawaketi pamoja, kugusana ndiyo kabisa, hata kwa bahati mbaya. Maneno yao yote yalipita kwangu. Bibi alikuwa ananiambia, "Mwambie yule wa Mpapura," na yule wa Mpapura yuko hatua nne tu, nyuma ya pazia, anasikia kila kitu. Nilitembea hatua zangu nne, nikarudia maneno yaleyale, nikapewa jibu ambalo bibi alikuwa ameshalisikia, nikarudi nalo hatua nne. Niliichukulia kazi hiyo kwa uzito mkubwa.

Mwaka huo, mwezi wa kumi na moja, jua lilikuja kwa hasira. Kuku walishinda wameachama midomo nyuma ya mtungi, na mchanga wa pwani ulikuwa haukanyagiki bila kandambili. Kaka yake bibi, mjomba wa mama, alikuwa aje Jumamosi kutuangalia. Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti, akisema mkwe hafai, mkwe anakunja mkeka wake na kurudi kwao, na alikuwa ameshasikia kwamba kwa dada yake pana mvuvi asiyevua. Baba alijua hivyo. Akatuma neno, kupitia kwangu, kwamba kitoweo cha mgeni kitatoka kwenye mkono wake mwenyewe. Jumatano akarudi mtupu. Alhamisi akarudi mtupu. Ijumaa alileta kaa mmoja mwenye gando moja.

Jumamosi mama aliondoka mapema kumpeleka mdogo wangu kliniki Mtwara mjini. Baba alikunywa chai ya rangi bila kitafunwa, na saa nne akabeba kafi. Hakuchukua kofia wala dumu la maji. Bibi akaniita nikamwambie baba kwamba joto la leo si la kawaida, na wenyewe wana karamu kwenye mwamba. Nikaenda hatua zangu nne. Baba akanituma nimjibu bibi kwamba akikaribishwa atakula. Kusema kweli nilicheka, na nikapigwa kofi dogo la mgongoni na bibi, ambalo lilikuwa la baba ila halikuweza kumfikia.

Saa saba na kitu niliuona mtumbwi unakuja ubavuubavu, hauna anayeupiga kafi. Baba alikuwa ameketi ndani yake wima kabisa, anawafokea samaki kwa nini hawajapalilia. Vijana wawili waliokuwa wanashona wavu waliingia majini wakamvuta. Walimleta mpaka barazani kwa bibi, penye kivuli, wakamlaza, kisha wakatoka mbio kutafuta gari la kumpeleka zahanati. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto na mkavu, hauna hata tone la jasho, na macho yake yalinipita yakaenda kutazama kitu kingine nyuma yangu. Nikaanza kulia kwa sauti, maana nilijua baba yangu anakufa.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, kanga usoni. Mama yuko mjini, vijana wameondoka, hapo barazani tupo watu watatu tu, na mmoja wao ni mkwe wake, kifua nusu wazi, ambaye hapaswi hata kumtazama. Nilimwona anahesabu moyoni. Leo nikikumbuka nadhani hakuchukua muda wa kumeza mate, lakini siku ile niliona amesimama mwaka mzima.

"Huyu si mkwe wangu," akasema. "Mkwe wangu hana macho haya. Huyu ni jini."

Akaishusha ile kanga usoni, akaifunga kiunoni, na kazi ikaanza. Alimchania shati kwa mikono miwili. Akanituma maji ya mtungini, kata baada ya kata, nayo akayamwaga kichwani, shingoni, kwapani, huku akimtukana jini kwa matusi ambayo mpaka leo sijayasikia kwa mtu mwingine. Akalowesha kanga mbili akamfunika nazo, akanipa kipepeo cha jiko akaniamuru nipepee nisipumzike. Nilipotaka kumnywesha baba maji alinizuia mkono. Alisema jini hanyweshwi mpaka ajitaje jina kwanza, asije akapaliwa.

"Wewe uliyemo humu," akasema, ameinama sikioni pake, "jina lako nani?"

Baba alikoroma tu. Tukamwaga tena. Akauliza tena, akapata manung'uniko. Mara ya tatu kope za baba zilicheza, zikafunguka kidogo, kisha zikafumba kwa nguvu sana. Ikatoka sauti nyembamba ya puani.

"Mwenye mwamba."

Nilikiacha kipepeo kikaanguka. Jini, wallahi, jini kabisa, yuko ndani ya baba yangu anaongea. Kilichonishangaza kidogo, hata kwa umri ule, ni kwamba majini wa bahari tuliambiwa husema Kiarabu, na huyu alikuwa anayavuta maneno vilevile wanavyoyavuta Mpapura.

Bibi akamuuliza anataka nini. Jini akataka maji. Bibi akayatia sukari na chumvi kidogo akamnywesha kwa kijiko, polepole, na jini akanywa kwa adabu. Akaulizwa kama ana jingine. Akataka dafu, nikakimbia kwa jirani nikaleta dafu. Akaulizwa tena kama ana jingine, na hapo jini akapata moyo.

"Huyu bwana mnampa mkia wa samaki kila siku," akasema.

"Anayeleta mikia atapewa nini?" bibi akamrudishia.

Jini akalifikiria hilo. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sasa haikuwa ya puani sana, kwamba huyu bwana pia ana jina, na kwao aliitwa kwa jina hilo hata na maadui. Bibi aliichukua kanga iliyokauka akailowesha upya, akaikamua, akamfunika tena kifua taratibu, kana kwamba anamwonea huruma jini yuleyule ambaye yeye bibi alikuwa akimtukana sasa hivi.

"Haya, nimesikia," akasema. "Na wewe usikie, ukamfikishie huyo uliyempanda. Atoke alfajiri na wenzake, si peke yake. Jua likikaribia utosi nimwone hapa. Afunike kichwa kwa kitambaa kibichi, abebe dumu la maji, na asiende na chai tupu tumboni. Umwambie sikumpa mwanangu ili nije nimvike sanda. Mtaa huu umejaa wanaume wanaoijua bahari, lakini mwanangu anacheka na huyu mmoja tu."

Jini akalia. Machozi yalimtoka pembeni ya macho aliyokuwa ameyafumba, yakaingia masikioni. Nikafurahi sana, kwa sababu niliona mwili wa baba umepata maji ya kulia.

Gari lilipofika, bibi alishaipandisha kanga yake usoni na yuko ndani. Zahanati walimtundikia dripu, na mganga akauliza nani aliyemmwagia maji mapema, maana bila hivyo tungekuwa tunasema mengine. Nikamwambia ni bibi, alikuwa anamuogesha jini. Mganga akaandika kitu kwenye karatasi yake bila kunitazama.

Mjomba alifika alasiri akakuta kitoweo ni kisamvu. Nilikuwa nyuma ya mlango, roho mkononi. Akauliza samaki wa mkwe wako wako wapi, na bibi akamjibu, bila kupepesa, kwamba mkwe wake amepandwa na mwenye mwamba mwenyewe, na jini mkubwa kama yule hapandi mtu hafifu. Mjomba akala kisamvu chake kwa heshima zote. Akaondoka Jumapili na mkeka wa baba ukabaki pale pale ulipokuwa.

Baada ya hapo baba akawa mtu wa alfajiri, kitambaa kibichi kichwani, dumu miguuni. Akaanza kuleta changu wa maana, tena wengi, kwa kuwa samaki aliwakuta wako macho wanatafuta kula. Sahani yake ikaanza kuja na mnofu wa katikati. Nami nikiwa kazini kwenye hatua zangu nne, nikaanza kutumwa maneno mapya: "Mwambie Issa." Nyuma ya pazia nilimkuta Issa anatabasamu peke yake. Hawakuzungumza tena ana kwa ana, hata siku moja.

Nilikuwa kidato cha tatu nilipopata ujasiri wa kumuuliza. Alikuwa anafunga ndoana, hakuinua kichwa. Akasema maji ya tatu ndiyo yaliyomwamsha. Alipofungua jicho akamwona mama mkwe, kanga kiunoni, anamfuta kifua. "Mwanangu," akasema, "ningejitaja jina langu pale, mmoja wetu angehama mji."

Bibi naye alijua? Siku hizi mimi ni mwalimu Shangani, Mtwara mjini. Waliotufundisha huduma ya kwanza walisema aliyezidiwa na joto apelekwe kivulini, alegezwe nguo, alowanishwe, apepewe, na asipewe maji kabla hajaweza kujitaja jina. Wenzangu waliandika. Mimi nilikaa na kalamu mkononi, nimejawa na bibi yangu. Sikuwahi kumuuliza, na sidhani kama angenijibu.

Alipozeeka akalala kitandani, ilikuwa tena mwezi wa kumi na moja, joto lilelile. Aligoma kunywa. Mama alimbembeleza, mimi nikambembeleza, midomo ikabaki imefungwa. Baba hawezi kuingia chumbani kwa mkwe. Alikuwa amekaa nje ya pazia tangu asubuhi, mzee na yeye sasa. Nikasikia anakohoa, halafu ikaja sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi, nyembamba, ya puani.

"Mwenye mwamba anasema bibi anywe maji."

Bibi alifumbua macho. Mabega yakaanza kumtikisika, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka.

"Wewe uliyemo humo," akasema, kwa tabu, "jina lako nani?"

Safari hii baba alijibu kwa sauti yake mwenyewe.

"Yule wa Mpapura, mama."

Bibi akanywa kikombe kizima. Alikaa nasi wiki tatu nyingine kabla hajafariki, na kila siku saa za joto maneno hayo yalirudiwa palepale penye pazia, na kila siku alikunywa.

Jua likikaribia utosi huwa nawaita wanafunzi wangu watoke kiwanjani waje kivulini, na lazima mmoja aniulize kama kweli huko baharini kuna jini. Nawaambia yupo. Nimewahi kumpepea kwa kipepeo cha jiko, alikuwa na kiu, na alilia alipoambiwa kwamba anapendwa.