Jina la Bibi Pale Benki

Mimi hasira zangu ziko karibu, nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa mbele. Nauza samaki Kabasa, hapa Bunda mjini, na muuza samaki mpole sijamwona bado. Alfajiri nakuwa Musoma mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, nachagua sato, nachukua na dagaa kama wapo, narudi na boksi langu la barafu. Kuanzia hapo ni mimi na jua. Barafu ikishayeyuka mchana, wateja wangu, watu ninaowajua mpaka na mashemeji zao, wanaanza kupita kwa mbali wakinichungulia. Wanasubiri nishushe bei. Sato wa maana kabisa, wa kuwekwa mbele ya bwana harusi, namtoa kwa bei ya kutupa, na bado mtu ananiambia, "Dada, punguza tena, huyu ameanza kulegea macho." Legea wewe!

Kwa hiyo nilikuwa nataka friza. Sikutaka gari wala ghorofa, nilitaka friza moja, ile ya kulala, mfuniko juu. Niliiona dukani nikaipapasa mbavu kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Pesa taslimu sikuwa nayo, nikaenda benki.

Afisa mikopo alikuwa kijana wa miwani, sauti yake ndogo. Akaingiza namba ya kitambulisho changu, akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta.

"Mama, una mkopo wa simu ambao hujalipa. Wa muda mrefu."

Nikacheka. "Angalia vizuri, mwanangu. Mkopo wa simu mimi sijawahi hata kuunusa."

Akanigeuzia kioo. Jina langu lile, yote matatu, na chini yake nyekundu tupu. Akaniambia alama zangu za ukopaji ziko chini. Nikamuuliza chini wapi. Kwa aibu akashusha mkono mpaka karibu na sakafu, kama mtu anayeonyesha urefu wa kifaranga.

Nilisema maneno ambayo hapa siyaandiki. Mlinzi alisogea. Yule kijana hakupandisha sauti, aliniuliza tu, "Mama, kuna laini nyingine umewahi kuisajili kwa kidole chako?"

Nikakumbuka. Ipo. Iko Buswahili, kwa baba mdogo.

Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na huyu mdogo wake ndiye aliyenilea, Buswahili, upande wa Butiama, kwenye pamba na ng'ombe. Nilipewa jina la mama yake, yaani bibi yangu, kwa hiyo hajawahi kuniita mtoto hata siku moja. Ananiita mama. Nikifanya utundu alikuwa anakuja na fimbo ananiambia, "Mama, leo nakuchapa, unisamehe." Na kweli ananichapa.

Sasa ulipokuja ule wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, kitambulisho chake cha taifa kilikuwa hakijatoka, na laini yake inataka kufungwa. Tukaenda kwa wakala mwenye mwavuli, nikaweka kidole changu. Basi, yakaisha. Kule kwetu nusu ya kijiji laini zao ziko kwenye vidole vya watu wengine, na hakuna aliyeona ni jambo. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba wanunuzi wa pamba wakimtumia pesa, linatokea jina la kike. "Mzee, mbona pesa imeenda kwa mama mmoja?" Anawajibu, "Ndiyo huyo huyo, mama yangu."

Nilikwenda Buswahili siku ile ile. Njia nzima napanga maneno, nayapiga msasa. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamkatia majani beberu mmoja mkubwa, amenona mpaka anatembea kwa shida, amefungwa peke yake mbali na wenzake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama! Umekuja!"

Sikutaka hata kiti. "Baba, ulikopa pesa kwenye simu?"

"Nilikopa," akasema, kana kwamba nimemuuliza kama amekunywa chai. "Ya dawa ya pamba. Wadudu walikuwa wameingia."

"Ukalipa?"

"Bado. Namsubiri mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Si huyo aliyenikopesha."

Hapo inabidi nieleze kidogo. Kwetu mtu anaweza kukupa mtamba wake ukae naye. Unamchunga, unakunywa maziwa, anazaa kwako. Siku mwenye ng'ombe akimtaka, anakuja mwenyewe. Hasemei getini. Anakaa, anakula, anauliza habari za watoto mmoja mmoja, ndipo anakohoa na kusema kilichomleta. Na wewe ukimrudishia kabla hajaja, unakuwa umemfukuza kwenye undugu, hata ukoo unaweza kukuuliza mmegombana nini. Baba mdogo alikulia humo, na alikopa kwenye simu kwa adabu ile ile.

"Huyu ananitumiaga meseji tu," akaendelea, sasa na yeye amekasirika. "Asubuhi meseji, jioni meseji. Ndugu mteja, ndugu mteja! Ndugu gani hajui hata njia ya kuja kwangu? Mimi deni sijalikataa, mama. Aje tu. Hata mbuzi yake hii hapa."

Nikamtazama yule beberu. Yaani alikuwa anamnenepesha kwa ajili ya mkopeshaji! Siku akija achinjiwe, mgeni njoo mwenyeji apone.

Maneno yote niliyoyapanga njiani yakanipotea. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani ya mbuzi. Naye akacheka, ingawa hakujua tunacheka nini. Nilipojifuta machozi nikamwambia ukweli.

"Baba, ile laini iko kwa kidole changu. Wale hawakujui wewe. Aliyeandikwa kwamba amekopa akakaa na mali ya watu ni mimi."

Kicheko kikamkatika. "Wameandika jina gani?"

Nikalitaja.

"Hilo ni jina la mama."

"Ndiyo, baba."

"Mama yangu ameandikwa benki kwamba halipi?"

Nilitamani nisingesema. Bibi sikumkuta, lakini Buswahili mpaka leo wanamsimulia: ukimwazima chungu hakirudi kitupu, atatia viazi, atatia mtama, akikosa kabisa atatia hata kuni za kuanzia moto. Baba mdogo alisimama pale amenipa mgongo. Nikaona mabega yake yanapanda na kushuka, na mimi hasira zikaniisha zote, nikamwonea huruma. Kisha akainama akamfungua beberu.

Beberu alikwenda mnadani, na deni likaisha pamoja na faini zake. Nikarudi benki nimevaa kitenge kipya, nikijua friza ni yangu. Kijana wa miwani akatazama kompyuta.

"Safi, mama. Sasa inaonyesha limelipwa. Ila inaonyesha pia kwamba lilichelewa."

"Ndiyo nifanye nini?"

"Ukope."

Khaa! Nikamwambia arudie. Akarudia: nikope kidogo, nilipe kabla ya siku yake, nikope tena, nilipe tena, niwe naweka na akiba kidogo kidogo, mpaka kompyuta inizoee. Yaani mtu ameungua na chai, dawa yake anywe chai! Nikamwambia azoewe yeye, nikaondoka.

Niliyedhani atanielewa ni baba mdogo. Nikampigia nimlalamikie, kumbe yeye akaona iko sawa kabisa. "Nani anakupaga ng'ombe wa maziwa siku ya kwanza?" akaniuliza. "Unapewa kwanza kandama kagonjwa, waone utakaua au utakalea. Lea, mama." Tangu hapo akalifanya ni jukumu lake, na mimi amani yangu ikaishia hapo.

Kwanza alikwenda Butiama kufuatilia kitambulisho chake mpaka kikatoka, na laini ikahamia kwenye kidole chake mwenyewe. Alilalamika kidogo kwamba pesa ya pamba ikija kwa jina lake hainogi. Halafu akaanza kunipigia. Nikikopa pesa ya barafu na mifuko, lazima nimtajie siku ya kulipa, na siku ikikaribia simu inaita alfajiri nikiwa mwaloni, mikono yote miwili imeshika sato.

"Mama, umelipa?"

"Baba, siku bado."

"Sijauliza siku. Nimeuliza umelipa?"

Wanawake wa mwaloni walishamzoea. Simu ikilia wanaitikia kwa pamoja, "Bado, baba, siku bado!" wanacheka mpaka wavuvi wanageuka.

Haikuwa rahisi kama kuteleza kwenye ganda la ndizi. Kuna mwezi mmoja mbalamwezi ilikaa, na mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, hawavuliwi. Sato nao wakapanda bei, mimi nikawa narudi Kabasa na boksi nusu. Baba mdogo alipopiga nikamwambia ukweli kwamba safari hii sioni njia, labda wanisubiri siku chache. Akakata simu. Niliumia, nikasema haya, mzee naye amechoka na mimi.

Siku iliyofuata nikamwona anashuka kwenye bodaboda mbele ya meza yangu, kofia kichwani, madumu ya maziwa mgando yamemzunguka kila upande.

"Sogeza samaki," akasema.

Jamani, baba yangu hajui kuuza! Mteja akifika anamuuliza kwanza ni wa ukoo gani. Akijibu, anamtafutia undugu. Akiupata anamwongezea kikombe, akiukosa anamwonea huruma, anamwongezea vile vile. Mimi nafinya midomo, namkonyeza, haoni. Lakini watu walikusanyika kwa mazungumzo kuliko kwa maziwa, wakamaliza yote, na waliokuja kuulizwa koo zao wakaondoka na samaki wangu kabla barafu haijayeyuka. Jua likiwa bado juu nikalipa. Akataka asome ujumbe, miwani ameisahau Buswahili, ikabidi nimsomee kwa sauti: ndugu mteja, tumepokea malipo yako, asante.

"Ona sasa," akasema, anakung'uta kofia yake. "Akishukuru ndiyo anakuwa ndugu."

Ndiyo ikawa hivyo, haba na haba. Pamba ikapandwa ikavunwa, ikapandwa tena. Nikipita benki kuweka akiba, yule kijana ananiona kutoka kwenye meza yake, ananionyesha kwa mkono alama zangu zimefika wapi. Mara ya kwanza ilikuwa gotini. Nikamwambia wifi yangu, "Nimefika gotini," akadhani naumwa. Baadaye kiunoni. Siku aliyoweka mkono kifuani nilipiga kigelegele humo humo ndani, mlinzi akasogea tena, safari hii anacheka.

Halafu yule kijana akanipigia simu niende na mdhamini. Sikuwa na haja ya kumtafuta.

Baba mdogo alikuja amevaa koti lake la kanisani, kwapani ana jogoo mwekundu. Nikamwambia benki hawapokei kuku. Akasema hajawahi kwenda kumwona mkopeshaji mikono mitupu, na hataanza kwa huyu. Mlinzi akagoma katakata, wakabishana, mwisho jogoo akabaki nje kwa mlinzi amefungwa kwenye mguu wa benchi, na kila tukianza kuzungumza ndani yeye anawika.

Baba mdogo alikaa mbele ya yule kijana akamtazama usoni muda mrefu, maana alikuwa amemsubiri miaka. "Kumbe ni wewe," akamwambia. "Mbona hukuja? Nilikuwa na mbuzi yako."

Kijana akanitazama. Nikamwambia aendelee tu, nitamweleza. Akageuza kioo ili tuone, hakuna nyekundu, akasoma jina langu, yote matatu, kwa ile sauti yake ndogo, akasema ni mteja mwaminifu, hadaiwi, na mkopo wake umepita. Mimi nilishaanza kuiona friza imefika Kabasa, sato wamelala ndani na barafu mpaka mkiani. Nikageuka ili tufurahi wote.

Baba mdogo alikuwa amevua kofia. Ameiweka magotini, anaishika kwa mikono yote miwili.

"Soma tena," akasema. "Hapo kwenye jina."

Kijana akasoma tena, taratibu zaidi, na kwa sauti ya watu wote kusikia.

"Na hadaiwi?"

"Hadaiwi, mzee. Hata shilingi."

Akavaa kofia yake. Akanyoosha kidole gumba kuelekea kwenye kidau cha wino, hata kabla hajaambiwa aweke wapi.

"Haya," akamwambia. "Mkopeshe mama yangu."